Kopo la mahindi ya stoo

Kopo moja limenikosesha raha tangu mchana.

Wiki iliyopita wanafunzi wangu walileta mahindi kutoka nyumbani kwao, tujifunze jinsi mbegu inavyoota. Pamba yenye maji, punje kumi kila kopo. Kopo la mwisho nililijaza mwenyewe kwa mahindi ya stoo ya shule.

Leo baada ya chakula tumeyafunua.

Ya kijijini Maposeni yameota. Ya mjini yameota.

Ya stoo, hata punje moja haijaota. Yote yamefunikwa na ukungu wa kijani.

Nikalipeleka kwa mpishi wetu, Mama Komba. Akalitazama, akacheka kidogo.

"Hayo ndiyo ya makande ya leo, mwalimu. Usiogope, mimi huwa nachemsha saa tatu nzima."

Nyuma yangu Anita wa darasa la sita akajibu vilevile nilivyomfundisha: "Moto unaua ukungu, Mama. Sumu yake inabaki."



Nje watoto walikuwa wanaosha sahani. Mimi nilikuwa nimeongezewa makande mara mbili.

Stoo nimeifunga, ufunguo ninao mfukoni. Wauguzi mliomo kwenye kundi hili, dalili za sumu hiyo huanza baada ya muda gani?