Pale Musichimbe

Mi natembeza wageni hapa Gisenyi, na mdomo wangu hauna asali. Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, alinichosha mapema: historia, jamii, dini, vyote alivitaka siku moja, kama kachumbari. Nikamwonyesha msikiti wetu, kanisa kubwa la Wakatoliki, kisha makaburi ya Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari. Tulipotoka akauliza, "Na walioua, wako wapi?"

"Wengine wako gerezani, wengine wametoka. Kesho njoo umuganda, utachimba nao."

Umuganda ndiyo kazi yetu ya pamoja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asubuhi ile pale mtaa wa Mbugangari tulichimba mtaro wa maji ya mvua. Shangazi yangu, mshonaji, alikuwepo. Mwanawe alichukuliwa siku zile za mauaji, hakuonekana tena. Shangazi hataki fidia wala samahani ya mtu. Anataka mifupa, aivishe sanda, aizike kwa dua.

Jirani yake alifungwa kwa mauaji hayo, akatoka, akarudi mtaani. Kila shangazi alipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Sijui, mama."

Mtaro ulipofika kwenye ua wa jirani huyo, akasimama mbele. "Pale musichimbe, iko mawe tu."

Tukamwamini, maana Mbugangari yote imekaa juu ya mawe ya volkano. Mgeni wangu wa Tanga hakujua hayo. Akapiga jembe, likazama laini. La pili likatoa soli ya kiatu. La tatu likatoa taya lenye meno.

"Yesu, Maria!" mtu akasema. Shangazi aligeuza jembe, akampiga jirani kwa mpini, kichwani. Damu ikamwagika hadi kifuani. Jirani akaanguka, shangazi akampiga mbavuni, mdomoni, jino likaruka. Nilimshika shangazi, akaning'ata mkono. Nikamwachia. Si kwa maumivu. Wallahi, nilitaka ampige tena, na nilimsukuma mkuu wa mtaa aliyekuja kuamua.

"Mwanangu!" shangazi alipiga kelele. "Miaka yote unanisalimia, mbwa we, na mwanangu uko naye hapa!"

Jirani alijikunja, mikono kichwani, anatema damu.

"Huyu si wako, mama," akasema. "Wako iko chini ya jikoni yangu."

Jembe likabaki hewani. Jiko lile shangazi analijua. Jirani alipomwoza binti yake, ni shangazi aliyeitwa kupika pilau, kwa kuwa mtaa mzima hakuna anayemfikia. Alisimama mle kutwa, anakoroga, anaimba, anakanyaga.

Mkuu wa mtaa alikuwa anapigia polisi simu. Shangazi akampita, akampita mgeni, akampita jirani bila kumtazama. Mlangoni mwa jiko alivua viatu, akaingia na jembe.