Bwana Mdogo ni Mzima

Niseme mapema: mashine ile mimi sikuipenda. Wenzangu walipagawa nayo, mimi nikawauliza, hiki kisanduku kama cha sindano za zahanati ndicho kitanichezesha mimi? Nilikuwa mwimbaji, tena mwenye mdomo, na bendi yetu ya Kasulu ilikuwa imenizoea.

Mpiga dramu wetu alikuwa ameondoka. Miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakikimbilia kwetu, yeye akavuka kwenda huko huko, kumfuata mchumba wake. Alipitia Munanila, pale mpakani, akasema atarudi baada ya juma moja. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Ndugu zake wakataka kukaa matanga. Mama yake akakataa katakata. "Matanga ya mtu niliyemzika wapi?" Aliyemwita mwanawe marehemu mbele yake alifukuzwa uani.

Sisi tukakaa bila dramu mpaka fundi redio mmoja wa Tanga, aliyehamishiwa kwetu na serikali, alipoleta kile kisanduku. Alikipata kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Unakiunganisha na spika, unabonyeza rumba, kinapiga rumba. Chacha, kinapiga chacha. Hakitoki jasho, hakiombi bia. Fundi akakibatiza Bwana Mdogo, na tangu hapo hakuna tena aliyesema "kinapiga". Ikawa "anapiga", "kalala", "kaamka". Tulimweka juu ya kigoda cha yule mwenzetu, kwa kuwa waya haukufika mbali zaidi.

Kilichonitisha ni hiki. Jenereta likichoka, Bwana Mdogo alichelewa kidogo pigo la nne, kama anajivuta. Na hivyo hivyo ndivyo mwenzetu alivyokuwa akipiga. Mara ya kwanza ilitokea Kibondo. Nilikata wimbo katikati, nikageuka kutazama nani amekaa pale. Mpiga gitaa akaninong'oneza, "Dada, usigeuke, we imba." Naye alikuwa amesikia.

Jumamosi moja tulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana, pale Kasulu. Asubuhi mashine iligoma. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akachomelea waya mmoja, ikakubali. Mchana ukumbi ukajaa vijana, suruali pana zinafagia sakafu. Mlango ulikuwa ubavuni mwa jukwaa, spika inaficha kigoda, na hapo ndipo nilipomwona mama yake yule mpiga dramu, kikapu cha maharage kichwani, amesimama wima anasikiliza pigo la nne linavyochelewa. Alikuwa ametoka kijijini kwake Kagerankanda kuja sokoni. Habari za mashine hakuwahi kuambiwa. Nani angeanzia wapi?

Mlangoni alikuwapo fundi, anakusanya tiketi. Hakumjua yule mama, na Kiha chake hakikuzidi salamu. Nikiwa nimenyamaza kupisha gitaa, nikamsikia mama anauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Huyu anayepiga... ni mzima?"

"Bwana Mdogo? Mzima kabisa, mama!" Fundi akacheka. "Asubuhi alikuwa amekufa, tumemfufua wenyewe."

Nikamkonyeza mpiga gitaa akate, akakata. Lakini Bwana Mdogo hana macho, umkonyeze usimkonyeze ni mamoja. Akaendelea peke yake. Kikapu kikaanguka, maharage yakatapakaa, na yule mama akapanda jukwaani mbio huku anaita, "Umwana wanje! Umwana wanje!" Mwanangu, mwanangu.

Akafika kwenye kigoda. Akakitazama kisanduku. Akachungulia nyuma yake, akachungulia na chini. Kisha akaweka kiganja juu.

"Ana joto," akasema.

"Mama, ni mashine," nikamwambia. "Twende nje, mama yangu." Nilikuwa nalia mbele ya watu wote, wala sikuona aibu. Fundi, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akaja ananyoosha mkono kwenye swichi. Mama akamkamata kiwiko.

"Usimzime."

Basi nani angethubutu? Vijana waliacha kucheza, na hakuna aliyetoka. Mama akachuchumaa pale, amekishika kisanduku kwa mikono miwili, na Bwana Mdogo akapiga rumba ile ile, anachelewa pale pale, mpaka petroli ya jenereta ikaanza kuisha na mapigo yakaachana. Likaja moja. Tukakaa. Likaja jingine, la mbali. Halafu kimya.

Mama akasubiri. Na sisi tukasubiri naye, Mungu anisamehe, hata mimi niliyejua kilichomo ndani ya sanduku lile.

Alipoinuka alijifunga kanga yake vizuri. Hakulia. Aliniuliza kama pale mjini kuna duka linalouza wembe, nikamwambia lipo, tukaenda wote. Nilimnyoa nywele mwenyewe, uani kwetu, jioni ile ile, na kesho yake matanga yakaanza Kagerankanda. Mpaka leo hakuna aliyetuletea habari kama mwanawe alikufa kweli.