Gaceri Aliyekataa Kuitikia

Gaceri alikuwa na mdomo, na hilo Isiolo nzima ililijua. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Habsa, na mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka gauni refu aliondoka amesikia habari zake. Ndiyo maana watu walishangaa kuambiwa kwamba mwanamke huyo husali bila kusema neno.

Alianza mwaka wa sabini na nne, alipofiwa na mumewe. Alipiga magoti amwombe Mungu, maneno yakamwishia. Akakaa tu kwenye kigoda, hasira imemjaa hadi kooni. Katikati ya ukimya huo akashikwa. Hakuwahi kupata neno jingine la kulieleza jambo hilo. Alishikwa, akapendwa, hata asijue yeye anaishia wapi na Mungu anaanzia wapi. Tangu hapo, kila alasiri alifunika cherehani, akaingia chumbani, akanyamaza.

Mwaka wa sabini na tisa akaja Morita, Mjapani, fundi wa pampu za visima, akapanga chumba cha jirani. Naye asubuhi alikaa kimya, miguu ameikunja, uso ukutani. Gaceri alimchungulia bila haya yoyote, kisha akamuuliza anamwomba nani.

"Siombi mtu," Morita akajibu kwa Kiswahili chake cha darasani. "Buddha alikaa hivi akaamka, akaona mambo yalivyo. Mimi ninamtafuta huyu anayekaa hapa. Simpati."

"Si ni wewe?"

"Ndiye ninayemtafuta," alisema, akacheka.

Wakaanza kubishana, na wakabishana mpaka Morita alipomaliza mkataba wake. Mara moja, wakinywa chai barazani, Morita alisema kwa upole kwamba pengine wote wawili wanafika mahali pamoja, ila mama anapaita Mungu na yeye hapaiti kitu.

Gaceri aliweka kikombe chini. "Wacha hiyo maneno, Morita. Mimi napotea, ndio, lakini napotea kwa mtu. Kuna mwenye ananishika. Wewe ukipotea, nani anakuokota?"

"Hakuna wa kuokotwa, mama."

"Basi usiseme tuko pamoja!"

"Wallahi," Habsa akaita kutoka dukani, "nyinyi wawili mnapigania kunyamaza kwa kelele!"

Gaceri hakukubaliana na Morita hata siku moja. Lakini alimwona akiinuka pale ukutani akiwa mpole kuliko alivyokaa, na hilo hakuliona kila Jumapili kwa waliotoka kanisani.

Morita alikwisha kurudi kwao ukame wa themanini na nne ulipofika. Ng'ombe walikufa hadi Kinna, na kanisa likaitisha maombi ya mvua. Sasa, Wameru wazee wakibariki, kila mtu huitikia. Anayefunga mdomo huchukuliwa kuwa ameficha laana kifuani. Desturi hiyo iliingia nao kanisani bila kubisha hodi. Basi minong'ono ikaanza: Gaceri, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alifundishwa kunyamaza na yule Mjapani, na ukimya wake ndio umefunga mvua.

Mzee Ntongai, mkuu wa wazee wa kanisa, akamwita mbele ya watu wote, kwa jina la mwanawe.

"Mama Kinyua, sema tu yule mtu alikuwa anakaa na shetani. Halafu tuombe, na wewe uitikie. Ukikataa, uongozi utaacha."

Uongozi huo ndio uliomsimamisha baada ya msiba. Kwa ajili yake aliosha wagonjwa, akazika watoto wa wenzake, akawa mtu tena.

"Njia yake si yangu, Mzee. Hiyo nilimwambia yeye mwenyewe, macho kwa macho. Lakini shetani sikuona pale. Siwezi kusema nimeona."

"Na kunyamaza kwako?"

"Hiyo ni yangu na Mungu. Haiingii kwa kikao."

Ntongai akaomba kwa sauti kubwa, Mungu ailaani mbegu iliyopandwa na mgeni. Kanisa zima likaitikia amina. Wakamgeukia yeye. Alitaka mvua kama wao. Ndugu yake alibaki na ndama mmoja. Neno moja tu, aende nyumbani na wenzake. Ntongai akarudia maombi. Gaceri akafunga mdomo, akavua kitambaa cheupe cha kichwani, alama ya uongozi, akakiweka mezani.

"Shika. Hata kichwa kitapoa."

Hakuna mwanamke aliyemfuata nje.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda, akangoja kushikwa. Alihisi amestahili, siku hiyo kuliko zote. Hapakuja mtu. Palikuwa na chumba, jua la dirishani, na pumzi inayoingia na kutoka, kama Morita alivyokuwa akisimulia. Akaogopa kweli. Je, kama Mjapani ndiye aliyesema kweli, na kanisa amelipoteza bure?

Angeweza kuinuka. Ntongai angempokea jioni ile ile. Gaceri akaunyoosha mgongo, akausemesha ukimya, kwa mdomo wake ule ule wa barazani:

"Usipotaka kuja, usije. Sikuja hapa kwa sababu ya kubebwa. Mimi nimekaa."

Na akakaa.