Namelok, Aliyempeleka Loserian Bomani

Namelok hakujaliwa kuzaa. Mke mwenzake alipofariki kwa uzazi, alimchukua mtoto mchanga, Loserian, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Ndui ilipomuua mume wao, wakabaki wawili tu nyumbani kwao, pale kijijini Terrat.

Loserian alikuwa na miaka kama kumi na sita wakati mlowezi mmoja wa Kijerumani alipoziba kwa seng'enge njia ya mifugo ya kwenda mtoni. Ulikuwa mwaka wa ukame. Siku moja kijana akaikata ile seng'enge kwa sime ili ndama wapite. Mlinzi wa shamba alipomkamata, Loserian alimsukuma, yule mtu akaanguka na kuvunjika mkono. Kijana akatoroka.

Kesho yake askari wakaja. Walipomkosa, waliswaga ng'ombe wote wa kaya sita, wakasema watarudishwa siku mkosaji atakapofika bomani, kwenye ofisi ya serikali.

Siku ya tatu Sironka, shemeji yake Namelok na msemaji wa ukoo, aliwaita watu. Watoto wadogo walikuwa hawajaonja maziwa tangu ng'ombe waondoke.

"Wewe ndiye unayejua alipo," alimwambia Namelok. "Hatukulazimishi. Lakini ukimpeleka, hutambeba peke yako. Kila nyumba itakuwa na siku yake ya kumpelekea chakula, na mimi nitamsemea mbele ya bwana shauri."

Namelok alishuka korongoni alikojificha mwanawe. Akamwambia wanakwenda kuzungumza tu, kisha watarudi wote nyumbani. Alijua si kweli.

Bomani, Sironka alieleza kila kitu kupitia mkalimani: ukame, njia ya zamani, na kwamba vijana wa rika la Loserian wako tayari kujenga upya ule ua. Bwana shauri, mkuu wa Kijerumani wa wilaya, alisikiliza kidogo tu. Akatoa hukumu: viboko ishirini na tano, na kifungo cha mnyororo miezi minne. Ng'ombe wakaachiliwa jioni ile ile.

Loserian alipofungwa chuma cha shingo, alimtazama Namelok.

"Ulisema tunakwenda kuzungumza," alisema.

Watu wa Terrat walitimiza ahadi. Kila siku nyumba moja ilipika loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ikampelekea Ndeshi, mama wa Kimeru aliyeishi jirani na boma. Ndeshi alifahamiana na askari mmoja wa zamu, na saa ambayo wafungwa walirudi kutoka kuvunja mawe, alipewa nafasi ya kumpa Loserian chakula. Vijana wa rika nao walijenga ua wa mlowezi kwa siku ishirini bila ujira, kisha Sironka akarudi kuomba kazi hiyo ihesabiwe. Bwana shauri akapunguza mwezi mmoja.

Namelok alikuwa na zamu yake kama wengine. Baada ya kuleta chakula mara tatu, Ndeshi alimkalisha chini.

"Mwenzangu, nilikuwa nakuficha. Kila siku mtoto huuliza nani amepika. Akisikia ni wewe, hakigusi chakula. Anamsogezea mwenzake wa kwenye mnyororo."

Namelok akauliza, "Huyo mwenzake ni nani?"

"Kijana wa Kimbugwe. Kwao mbali. Hana anayemletea."

"Basi aendelee kula," Namelok alisema. Zamu iliyofuata akaongeza chakula.

Loserian aliachiliwa mvua zikikaribia, akichechemea, shingo ina kovu pande zote. Wazee walichinja kondoo, wakambariki, wakampa mtamba aanzie maisha. Alimshukuru kila mtu kwa jina lake. Alipofika kwa Namelok aliinamisha kichwa kama desturi, naye akakigusa.

"Yeyo," alisema, maana ndivyo alivyomwita mama tangu utoto, "naelewa kwa nini. Ng'ombe walikuwa wa watu wote. Lakini mimi ungeniambia ukweli njiani, ningekwenda kwa miguu yangu."

"Niliogopa utakimbia."

"Nisingekimbia."

Alihamia kwa Sironka, akafanya kazi huko.

Namelok hakuacha safari za bomani, ingawa sasa hakuna aliyemtuma. Kila baada ya siku chache alimpelekea chakula yule Mmbugwe ambaye hakuwahi kumwona usoni. Siku moja Ndeshi hakukipokea kile chakula. Kijana alikuwa amekufa kwa kuhara damu. Wanawake wale wawili waliomba mwili wauzike, wakaambiwa umeshafukiwa.

Habari zikamfikia Loserian. Alikuja kwa Namelok, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Aliitwa Masare," alisema. "Alikuwa akiniuliza huyu mama anayepika hivi yukoje. Sikumjibu."

Namelok akamkaribisha kigoda. Loserian akasema ng'ombe wanamsubiri njiani, akaondoka.