Kisigino Changu na Sauti ya Mama Mkwe

Miaka ile machimbo ya dhahabu ya Saza yalipochangamka, nilikuwa tarishi. Nilikimbia na mfuko wa barua hadi kituo ambako mwenzangu alinipokea, kisha nikarudi na mfuko mwingine.

Kiangazi kimoja kisigino cha kulia kikaanza kuniuma. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikitembea kidogo maumivu yalipungua, nikadanganyika, nikakimbia. Jioni yalinishika wayo mzima.

Mke wangu akamweleza mama yake. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Basi mama alikuja akaketi nyuma ya ukuta wa jiko, akawa anamtuma mke wangu maneno, ingawa nilimsikia vizuri kabisa.

"Muulize, kinauma zaidi akiamka?"

"Hatua za kwanza ndizo zinaniua," nikajibu.

"Basi si mwiba, wala hajarogwa. Mishipa ya wayo imechoka. Aache kukimbia kwanza. Kabla hajashuka kitandani avute vidole vya mguu kuelekea kwake, taratibu. Kisha akae, auviringishe mchi chini ya wayo. Na katambuga zake za mpira azitandikie kipande cha blanketi kisiginoni."

Nikamuuliza mke wangu mama aliyajulia wapi hayo.

"Mwambie vita vya Mjerumani nilibebeshwa unga wa askari. Tulivuka mto Songwe tukarudi, tukavuka tena. Kisigino kiliniuma hivyohivyo. Aliyeketi na kushindwa kuinuka aliachwa porini. Kila tulipotua mizigo nilitafuta gogo, nikaliviringisha kwa mguu, nikainuka."

Miaka yote nilijiona mimi ndiye mwenye miguu katika ukoo ule. Yule mama, ambaye nilimjua kwa sauti tu, alikuwa ametembea vita vizima juu ya maumivu yaliyoniangusha mimi.

Mwenzangu alinishikia zamu. Nilifanya yote niliyoambiwa, na miezi miwili ikaisha nikiwa bado nachechemea. Halafu asubuhi moja nikashuka kitandani, nikafika mlangoni, ndipo nikagundua sijasikia maumivu yoyote.

"Asante, mama!" nikapaza sauti kuelekea nyumba yake ya jirani.

Jibu likaja kupitia kwa mke wangu: "Anasema usiuache mchi."