Kabichi ya Mama na Terere ya Kuku

Kwa watu wetu wa Nyeri, mboga ni kabichi. Najua kamusi inasema vingine, na shuleni nilifundishwa vingine, lakini ukimtuma mama yangu sokoni alete mboga atarudi na kabichi, kubwa, nzito, iliyofunga vizuri. Sukuma ni sukuma. Spinachi ni spinachi. Majani mengine yote tunayaita nyeni, na hayo hatumpi mgeni. Naanza na neno hili kwa sababu lilikaribia kumnyima mama mguu wake.

Mama alikuja kukaa kwangu Ruring'u baada ya nyonga yake kugoma kabisa. Ana shamba lake huko juu karibu na msitu, la majani chai na viazi, na kwa miaka mingi alipanda na kushuka mteremko ule bila kumwomba mtu mkono. Sasa alitembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, ameuma meno. Daktari alisema kiungo kimelika na kinahitaji kubadilishwa. Wakapima damu, wakakuta iko chini, akasema hawezi kumpasua mtu mwenye damu ile. Angewekewa siku nyingine, na kama damu ingekuwa bado haijapanda, nafasi ingeenda kwa mgonjwa mwingine naye arudi mwisho wa foleni. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: atarudi kwake lini.

Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Aliniuliza asubuhi nikivaa viatu, akaniuliza jioni nikivivua. Nampenda mama yangu, na nilitaka aende kwake kama yeye mwenyewe alivyotaka, tena upesi, maana jikoni kwangu sasa palikuwa na wenye nyumba wawili.

Siku ile ya kwanza hospitalini alipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, msichana wa kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la dawa. Nilipomrudia, mama alikuwa ameshamaliza na anamsifu yule msichana kwa Kiswahili chake, ati anaongea kama redio. Nikamuuliza ameambiwa nini. Akasema ameambiwa ameze vidonge vya kuongeza damu na ale mboga kwa wingi. Kulikuwa na neno jingine hapo mwisho, akasema, lakini hilo lilikuwa la watu wa pwani. Mimi nilisikia mboga, nikaona hakuna la kuuliza.

Basi ikawa kabichi. Vidonge vilimchafua tumbo, akaviacha, na hakunificha. Alisema vidonge vimemshinda lakini mboga haitamshinda, na kweli haikumshinda. Mimi nashona sare za shule mjini, naondoka mapema na kurudi jioni, na kila jioni nilipofungua mlango nilipokelewa na harufu ileile. Kabichi na ugali. Kabichi na viazi. Asubuhi, iliyobaki ya jana imepashwa moto. Aliichemsha mpaka ikawa rangi ya kaptura za kaki ninazoshona, halafu akashushia chai nzito, kikombe juu ya kikombe. Harufu iliingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye vitambaa vya wateja. Nilikula bila kusema neno, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kati ya mlo na mlo hakuweza kukaa bure. Alivuta kigoda hadi kwenye kishamba changu kidogo nyuma ya nyumba akawa anapalilia ameketi. Mvua ilikuwa imenyesha na terere ilikuwa imejiotea yenyewe katikati ya vitunguu vyangu, majani mapana, laini, hakuna aliyeipanda. Mama aliing'oa siku baada ya siku, akaifunga mafungu, akaipitisha juu ya ua kwa jirani yangu, mama Mwislamu aliyezaliwa hapa mjini, mfugaji wa kuku.

"Pelekea kuku wako," alimwambia.

"Asante sana, mama. Mungu akuzidishie," jirani akajibu, na kesho yake akasimama tena palepale kwenye ua.

Tuliporudi hospitalini kupimwa tena, siku ya kupasuliwa ikiwa bado mbele, damu ilikuwa haijasogea. Mtaalamu wa lishe aliyatazama majibu, akamtazama mama, akauliza kwa upole kama kweli anakula mboga.

"Kila siku!" mama akasema. "Asubuhi mboga, jioni mboga. Uliza hii msichana wangu."

Nilikuwa nimekasirika, nikasema hata mapazia yetu yanaweza kutoa ushahidi.

"Jana ulikula mboga gani, mama?"

Mama alimkodolea macho. "Mboga gani aje? Mboga ni mboga."

"Kabichi," nikasema mimi, na nilipojisikia nikilitamka nikaanza kushuku jambo.

"Na mchicha? Nilikwambia mchicha hasa."

"Hiyo haimei huku kwetu. Hiyo ni ya watu ya bahari."

Msichana akatafuta picha kwenye simu yake akampa mama aishike. Mama aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Ai! Si hii ni terere? Hii ndio nimekuwa nikipatia kuku!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, halafu nikaona mama hacheki. Alikuwa amelaza fimbo mapajani na anafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Nimekula ile kabichi kama kazi," akasema, "na bado siendi nyumbani." Nikavuta kiti changu karibu na chake. Sijawahi kumwonea huruma mtu mzima namna ile.

Msichana hakumkemea. Akatuwekea mboga mbili mezani kwa maneno, na nitayasema kama nilivyoyaelewa. Kabichi si takataka. Inajaza tumbo, inalainisha choo, inakaa siku nyingi bila kuharibika, na ina vitamini C nyingi, ila vitamini hiyo haipendi kuchemshwa mpaka kaki. Madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, kabichi inayo kidogo sana. Terere inaishinda mbali: ina chuma zaidi, ina kalisi ya mifupa zaidi, ina vitamini A ambayo kabichi nyeupe karibu haina kabisa. Lakini terere nayo ina choyo. Chuma chake hakitoki kwa urahisi, mwili unapata sehemu ndogo tu, na ukishushia chai nzito hata hiyo sehemu inapungua. Kinachosaidia kukitoa ni vitamini C. Kwa hiyo ale terere iliyopikwa kwa muda mfupi, na pembeni kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ikamuliwe limau. Chai ihamie alasiri, mbali na chakula. Na vidonge asiviache, maana majani peke yake yangechelewa. Ajaribu kumeza siku moja, siku inayofuata apumzike, tumbo litazoea.

Mama alikubali yote isipokuwa chai. Hiyo tuliijadili njia nzima mpaka nyumbani.

Tulipofika nilienda moja kwa moja kwenye ua. Kishamba changu kilikuwa safi kama uwanja, vitunguu vitupu, hakuna hata jani la terere. Nikamwita jirani, nikamweleza, nikamwomba kama kuku wake hawajamaliza fungu la asubuhi aturudishie.

Akaziba mdomo kwa mtandio. "Kuku gani, dada? Huo mchicha nakula mimi! Naupika na nazi. Nilidhani mama ananitania tu na hayo maneno ya kuku."

Akaingia ndani akatuletea sufuria nzima, bado ina joto. Mama aliikaribisha puani akakunja uso. Si harufu iliyomkera. Usiku ule, kabla ya kuonja, aliniambia kwamba alipokuwa mtoto, miaka ile ya shida, terere ndiyo waliyokula wakati hakuna kitu kingine, jana terere, leo terere, na bibi yake akiichuma kando ya njia akiangalia nyuma asionekane. Kabichi ilikuja baadaye, na pesa, na harusi. Alipoambiwa hospitalini ale mboga, alifikiri wanamwambia ajitunze kama mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliipika kwa bidii ile. Kisha akachukua kijiko, akala, akasema nazi inaficha mengi.

Tangu siku hiyo jirani ndiye aliyetupitishia sisi mafungu juu ya ua, aliyonunua sokoni, mpaka yetu ilipoota tena, na safari hii mama aliipalilia terere, vitunguu vikaachwa vijitetee. Alikula terere, akameza vidonge vyake, akatafuna kabichi yake mbichi kwa meno ya mbele kama sungura, akanung'unika hadi saa ya chai. Mimi nilifua mapazia.

Damu ilipanda. Haikupanda kwa kishindo, lakini daktari alisema inatosha, na nafasi yake haikuenda kwa mtu mwingine. Asubuhi aliyopelekwa kupasuliwa nilikuwa naogopa kuliko yeye. Yeye aliniambia nisisahau kumwagilia terere.

Siku ya kutoka, daktari alipita wodini na wanafunzi wake. Kitanda cha pili alikuwa amelala mama mmoja wa kutoka Doldol aliyevunjika mguu akifuata mbuzi, naye pia alisubiri damu ipande ndipo apasuliwe. Mama alikuwa ameketi, amevaa viatu, mkoba mapajani, gari la kumpeleka kwake juu limeshafika langoni. Daktari akamgusa bega, akamgeukia na yule mwenzake, akasema anavyosema kila siku:

"Haya, nyinyi wawili, mkule mboga kwa wingi."

Mama wa Doldol akaitikia kwa kichwa. Mimi nikainua mkoba. Mama hakuinuka.

"Mboga gani, daktari?" akasema. "Taja jina. Huyu mama anataka kurudi kwake."