Meza ya Kahawa ya Bi Mwanatatu

"Bi Mwanatatu, kati ya kahawa ya mashine na hii ya mfuko, tamu ni ipi?"

Nilimuuliza hivyo mwaka wa 1992, nikiwa darasa la tatu, nimekaa kibarazani kwake Timbwani nikimtazama akishona mfuko mpya wa kuchujia. Alikata uzi kwa meno, akanitazama juu ya miwani. "Wewe leo huna kazi ya shule?" Basi. Tangu siku hiyo nikawa nakusanya habari zake kidogo kidogo, kwake na kwa waliofanya kazi naye.

Bi Mwanatatu binti Mwidani aliingia kazini katika hoteli moja ya ufukweni, huku huku Likoni, mwaka wa 1979. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Alipewa meza pembeni mwa ukumbi wa chakula cha asubuhi, na kazi yake ilikuwa kahawa tu. Wageni wa hoteli hawakuitaka hii yetu ya kuchemshwa na tangawizi. Walitaka ya kuchujwa. Mpishi mmoja alimwonyesha mara moja, yeye akaishika miaka kumi na miwili: kahawa iliyosagwa chengachenga, mfuko wa kitambaa cha marekani alioushona mwenyewe, maji yaliyochemka kisha yakaachwa yatulie. Alimwaga kidogo kwanza, kahawa ikaumuka kama unga wa mahamri. Akasubiri. Ndipo akaendelea kumwaga taratibu, akizungusha mkono. Dakika tano, birika zima limejaa, na kahawa yenyewe nyepesi, safi, hata waona chini ya kikombe.

Mwaka wa 1991 mashine ya espreso ikaletwa kutoka Italia, yang'aa kama gari la harusi. Meneja wa chakula, Bwana Mbarak, akamwita Bi Mwanatatu kando.

"Kuanzia Jumatatu utahamia kule nyuma, kwenye kuosha vyombo. Mshahara ni ule ule."

"Kwani nimekosa nini?"

"Hukukosa. Mambo yamebadilika. Kuna msichana anakuja kutoka Nairobi, hii mashine ameisomea."

"Na meza yangu?"

"Itaondolewa."

"Basi mtaiondoa na miye nikiwa juu yake," akasema Bi Mwanatatu. "Sihami."

Bwana Mbarak akacheka, akidhani ni mzaha wa watu wazima. Jumatatu alimkuta pale pale, buibui limetundikwa msumarini, maji yachemka, wageni wameshapanga mstari. Asingeweza kumtoa mbele yao. Akamwinamia sikioni: "Wiki moja, Bi Mwanatatu. Kahawa itakayopendwa na wageni ndiyo itakayobaki."

"Wiki moja yanitosha."

Huyo msichana aliitwa Jael, miaka ishirini na miwili, viatu vya kisigino, na mikono isiyokawia. Bi Mwanatatu akawa anamtazama kwa pembe ya jicho. Jael alisaga kahawa laini kama wanja, akaishindilia ndani ya kikombe cha chuma chenye mkono mrefu, akakipachika kwenye mashine, akabonyeza. Maji yakasukumwa kwa nguvu kupita mle, na kabla hujahesabu thelathini kikatoka kijikombe kimoja, kahawa nzito, nyeusi, juu ina povu la rangi ya asali.

"Hicho kikombe si kama cha kahawa chungu ya barazani kwetu?" Stambuli, mhudumu wa meza, akamchokoza Bi Mwanatatu. "Hawa Wataliano wametuibia."

"Kikombe wameiba. Tangawizi wameisahau."

Lakini wageni walipoionja ile ya mashine walikunja uso. Mmoja akairudisha. Siku ya pili, hali ile ile. Kahawa ilikuwa na chumvi. Jael alibadilisha kahawa, akasaga upya, akaisugua mashine mpaka vidole vikachubuka, na chumvi haikutoka. Mstari wote ukahamia kwa Bi Mwanatatu.

Yeye alijua sababu tangu mwanzo. Sisi tuliozaliwa Likoni twajua kwamba nyumba yaweza kuwa na maji ya namna mbili: ya kisima, yenye chumvi, ya kuogea na kufulia, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kunywa, ambayo hununuliwa. Hoteli nayo ilikuwa na mabomba mawili nyuma ya ukuta wa ukumbi. Fundi aliyekuja na mashine aliuliza bomba liko wapi. La maji gani, hakuuliza. Akaliona lililo karibu, akaunga. Bi Mwanatatu alikuwa hapo hapo akimtazama.

"Nilinyamaza makusudi," aliniambia, wala hakuona haya. "Wao wanitoa, kisha niwasaidie?"

Akanyamaza siku nne. Siku ya tano, wageni wakiwa wameshaondoka ukumbini, Jael akamjia mezani, macho mekundu.

"Mama, meneja amesema Jumapili nirudi Nairobi. Eti nimeharibu mashine."

"Ameyaonja maji?"

Jael hakuelewa. Bi Mwanatatu akachota gilasi moja kwenye bomba lililoungwa mashine, akampa. Jael akapiga funda, akalitema ndani ya sinki.

"Hayo ya kufulia, mwanangu. Kwenu hakuna maji ya chumvi?"

"Kwetu kuna mto."

Angenyamaza siku mbili zaidi, meza ingekuwa yake bila maneno. Lakini mtoto wa watu afukuzwe kwa makosa ya bomba, na yeye anajua? Akamshika Jael mkono, wakaingia ofisini kwa Bwana Mbarak bila kubisha hodi.

"Mashine yako nzima," akamwambia. "Imeungwa kwenye maji ya kisima. Iungwe upya. Na huyu harudi Nairobi, na miye sihami."

Bwana Mbarak ni mzaliwa wa Mtongwe, huku huku Likoni. Maji ya kisima anayajua tangu utotoni, na siku tano zote hakuwahi kuionja ile kahawa. Akaitazama kalamu yake.

"Na mashine ikishapata maji mazuri," akasema, "wewe utafanya nini hapa?"

"Jael atanifundisha."

Meza ikabaki. Jael akamfundisha, na kwa miaka saba Bi Mwanatatu alifanya zote mbili, mkono huu mfuko, mkono huu mashine. Kila Bwana Mbarak alipopita, alimsikia akiwaambia wageni kwamba ya mfuko ndiyo kahawa, ile nyingine kelele tu.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka jana. Mwezi uliopita nikaenda kumwamkia. Sasa niko kidato cha pili, nikaona labda nimefikia umri wa kujibiwa. Nikamuuliza tena, tamu ni ipi.

"Ya mashine," akasema. "Walipoiunga upya nikapiga funda moja, nikajua."

"Na miaka yote hiyo hukumwambia Bwana Mbarak?"

"Mbarak hakuniuliza ipi tamu, mwanangu. Aliniambia nihame."